Boga la Umulkheir

Vuli ya mwaka sitini na sita ilileta maboga mengi kuliko wanunuzi. Soko la Lamu, mbele ya ngome, lilijaa kunde mbichi, maembe ya mwanzo, na mchicha uliotapakaa matope. Saadiya alipita katikati ya zogo, buibui limemteleza begani likaacha kanga ya manjano ionekane, akigonga kila boga kwa kifundo cha kidole na kulitegea sikio.

"Wagonga kama mtu abishae hodi," mwuza maboga alimwambia. "Hamna mtu ndani."

"Na hilo ulilolifunika kikoi? Nipe hilo."

"Hilo haliuzwi, Bi."

"Lina mume?"

Watu wakaangua kicheko. Mwuza peke yake hakucheka. Aliitwa Jaafar, mkulima wa Mbwajumali. Kanzu yake ilikuwa safi, ila kifungo cha shingoni hakikuwapo. Saadiya aliyaona hayo kabla hajamtazama usoni. Yeye mwenyewe aliachwa na mume miaka minne nyuma, na tangu hapo aliishi kwa kupikia harusi za watu.

Haukupita muda Jaafar akapanga chumba cha chini nyumbani kwa Bi Hadia, shangazi yake Saadiya, ambako Saadiya naye alikaa na kupika. Jiko lilikuwa juu, na chakula alikula humo humo: kunde kwa tui zito, embe bichi kwa pilipili na chumvi.

"Bwana Jaafar, unakula kama unaogopa sahani."

"Naogopa ikiisha utaniita mlafi."

"Mlafi nampenda. Mtu asiye na ndaa simwamini."

Akatabasamu. Kifungo kikashonwa, na hakuna aliyeuliza kimeshonwa na nani.

Sasa, kwao hao boga la kwanza la msimu huitwa limbuko. Mke wa nyumba hulipika, wa nyumbani wakalila pamoja. Jumatano moja Jaafar alipanda na lile boga la kikoi, akalitia ndani ya susu, kile kikapu cha kamba kinachoning'inia jikoni, akashuka bila kusema neno. Saadiya alibaki akilitazama. Mwanamume akikuletea limbuko jikoni mwako, umngoje aseme nini tena?

"Pika, mwanangu," Bi Hadia alimwambia, "asije akaghairi."

Alhamisi akalikata. Akalipika kwa tui, sukari na iliki. Harufu ikateremka ngazi, na Jaafar akapanda mbio kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Umulkheir?"

"Mimi ni Saadiya. Huyo ni nani?"

"Umelikata!"

"Si limbuko? Si umeniletea?"

"Nimeliweka juu lisiliwe na panya wa chini! Hilo ni la mke wangu!"

Umulkheir alikufa vuli ya mwaka sitini na nne. Homa ilimshika Mbwajumali, akatakiwa avushwe hadi hospitali ya Lamu, lakini kwa ajili ya mapigano ya bara wakubwa walikuwa wametoa amri chombo chochote kisiondoke bila cheti. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda kumlaki mgeni mkubwa, yuko kwenye pilau. Mgonjwa akalala ufuoni tangu asubuhi akingoja mtu ashibe. Muhuri ulipogongwa alasiri, hapakuwa na abiria tena. Nani aliulizwa? Mkubwa akipoteza kofia, nti nzima huinama kuitafuta. Mke wa mkulima akipotea, mumewe huambiwa pole, tena asizuie ndia.

Tangu hapo mbegu zake Umulkheir humea zenyewe nyuma ya nyumba kila vuli. Jaafar huchuma la kwanza, akaliweka mpaka lioze. Na mara kwa mara jiko la Mbwajumali, lisilowashwa miaka miwili, hunuka iliki.

"Unaliacha lioze?" Saadiya aliuliza.

"Ni lake."

"Na mimi?"

"Wewe ni mpishi."

Neno lilikwisha kumtoka. Saadiya akaweka mwiko chini, akaingia chumbani kwa shangazi yake, akakomea.

Jaafar alibaki na sufuria. Alingoja. Alijua Umulkheir atakuja, hata kama ni kuja kugomba. Mvuke ukapungua, kisha ukakatika. Adhana ya alasiri ilimkuta mlangoni pa chumba.

"Saadiya, ndoo, fungua."

"Mpishi amelala."

"Ndoo nikutake radhi mato kwa mato."

"Sema hapo hapo, mlango si kiziwi."

"Siwezi kula peke yangu."

"Basi mngoje mwenyewe aje ale."

Jaafar akageuka kuitazama sufuria iliyopoa.

"Haji," Jaafar alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo. "Nimemngoja, Saadiya. Haji."

Komeo likalia. Waliketi mkekani, na Jaafar akatia kijiko cha kwanza kinywani. Akafumba macho. Machozi yakamshuka mpaka ndevuni.

"Halikukolea?"

"Limekolea. Nilikuwa nikiikumbuka ladha ya mkono wake, kila vuli. Sasa naitafuta siipati. Imebaki hii yako tu."

Saadiya hakufurahi. Alijiona ameiba.

"Ningalijua ningalikupikia kitu kingine."

"Kitu gani? Vuli nzima ni maboga!" Akacheka na kulia kwa pamoja. "Ijumaa nitasema na Bi Hadia."

"Sema leo. Ijumaa utakuwa umeogopa."

"Bi Hadia!"

"Nimesikia, nimekubali," sauti ikatoka chumbani upesi mno. "Nami nipakulieni."

Jaafar akapakua kwenye sahani. Ya Saadiya, ya shangazi, yake mwenyewe. Kisha mkono ukapakua na ya nne kabla hajauzuia. Saadiya aliitazama sahani ile, akaisogeza penye nafasi mkekani, akaanza kula.