Aliyemnyonyesha Suud

Suud alicheua maziwa begani kwa mama yake, Hamdiya, na tangu walipoteremka melini asubuhi ile hakuna aliyemnyonyesha.

Landrova ilikuwa ikirukaruka juu ya mawe baina ya bandari ya Matrah na kwao Wattaya. Hamdiya aliyafuta maziwa yale kwa pembe ya kanga. Yalikuwa ya kijivu, yanavutika kama kamasi, na yakinuka matumbo ya samaki yaliyolala juani.

"Bahari hiyo," alisema Thabit, mumewe. "Mwezi mzima Bombay tunakula raha, kurudi tu tumekuwa maiti. Likizo nyengine tutalala kwetu."

Hamdiya alicheka kidogo, maana Thabit alikuwa amebeba mizigo yote, na koti lake kalikunja ili yeye aegemee. Lakini aliikumbuka safari. Tangu Karachi alitapika mpaka maziwa yakamkauka, na mtoto akilia njaa kwenye sitaha iliyojaa watu. Ndipo mwanamke mmoja alipomsogelea, upindo wa buibui lake umerowa ingawa hapakuwa na mvua.

"Nipe nimnyonyeshe, ndugu yangu," alisema kwa Kiswahili cha Unguja. "Wangu kafa."

Hamdiya aliona huruma, akampa. Alimshukuru, lakini hakumuuliza jina wala watu wake. Na kwao mtoto hapewi ziwa la mtu asiyejuulikana, kwani anayemnyonyesha huwa mama yake maisha. Meli ilipotia nanga, mwanamke yule hakuonekana tena.

Nyumbani maziwa ya Hamdiya yalirudi, yakamjaa hata yakamuuma. Suud aliyakataa.

Adhuhuri, Thabit amelala kwa uchovu, Hamdiya alisikia mtoto ananyonya. Akageuka. Suud alikuwa peke yake mkekani, shingo kaiinua, midomo imeshika kitu kisichoonekana, mashavu yanaingia na kutoka, na pembeni mwa mdomo ute wa kijivu ukichuruzika mpaka sikioni, ndani yake vikijinyonganyonga vidudu vyeupe vyembamba kama nyuzi, na mtoto akimeza, akimeza, huku kijimkono chake kikipapasa hewani kwa mapenzi, kama watoto wanavyompapasa mama.

Jirani yao Bi Kheiria, mkunga aliyekuwa pia akiwasomea watoto dua, alikuja kaziba pua kwa kanga.

"Uvundo gani huu, Mama Suud? Mmetuletea zawadi au mzoga?" Kisha akamwona mtoto, na sauti ikamshuka. "Nani kamnyonyesha huyu?"

Hamdiya akamweleza.

"Mfukuze, bibi," alinong'ona. "Nakuomba."

"Nimfukuze vipi, na ziwa umempokea mwenyewe? Huyo keshakuwa mama. Akizidi kumnyonyesha, mtoto atamfuata huko huko baharini alikotoka." Bi Kheiria akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha shubiri chungu, akakilowesha. "Mama hafukuzwi, mwanangu. Mtoto ndiye huachishwa ziwa. Mpake chuchuni, kama tunavyojipaka sote tukiachisha. Umpake wewe, uliyempa mtoto."

Hamdiya alipeleka mkono wenye shubiri mbele ya midomo ya mwanawe, na vidole vikagusa nyama, baridi, laini, inayoteleza kama pweza aliyeoza, nayo ikapwita chini ya kiganja chake, na chuchu ndefu kama kidole ikajikunja kumkwepa, lakini mkono hakuuondoa, alipaka, akasugua, machozi yakimtoka, akisema, "Bismillahi, ahsante, uliniokolea mwanangu, sasa niachie, niachie."

Suud akakunja uso, akatema, akalia.

Karibu na ukuta mwanamke asiyeonekana naye akalia, kilio cha aliyefiwa mara ya pili. Kilio kikatoka mlangoni, na uvundo ukakifuata. Hata Hamdiya, na karaha yake yote, alimwonea huruma.

"Alhamdulillahi!" Bi Kheiria aliketi chini, anacheka. "Haya, mpe ziwa lako. Mpe!"

Hamdiya alinawa kwa sabuni hata ngozi ikamwasha, akafungua vifungo, akampakata mwanawe. Suud alilidaka ziwa kwa njaa. Akanyonya funda moja, akakunja uso, akatema, akalia. Akapewa la pili. Nalo akalitema.

Hamdiya aligusa kifua chake, akatia kidole ulimini.

Shubiri, mbichi, imepakwa vizuri pande zote. Na juu ya ngozi yake, alama za vidole vilivyorowa, virefu kuliko vyake.