Walaji wa Chungu Kimoja

Tunu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka katika nyumba yao ya Temeke. Alifagia uani, akawasha moto, akakoroga uji. Mumewe, Mwishehe, alikunywa uji wake amesimama, kisha akashika njia kwa miguu hadi kiwanda cha mbao upande wa Kurasini. Siku hizo Waingereza walikuwa bado wanatawala. Kazi ilianza kwa king'ora, na aliyechelewa alirudishwa nyumbani bila malipo.

Nyumba yao ilikuwa ya miti na udongo, na paa lake la makuti. Ndani yake waliishi watu saba. Mwishehe na Tunu walikuwa na watoto wawili. Walikuwa wakimlea pia binti wa marehemu dada yake Tunu. Mama yake Mwishehe, Bibi Somoe, alihamia kwao macho yake yalipopungua nguvu. Wa saba alikuwa Nassibu, mdogo wake Mwishehe. Alikuwa kijana wa miraba minne, lakini hakuwa na kazi ya kudumu. Alibeba mizigo Kariakoo siku akiitwa, na siku nyingi hakuitwa.

Kila Jumamosi kiwanda kilimpa Mwishehe posho ya unga juu ya mshahara wake. Unga huo ulipimwa kwa mtu mmoja. Meneja aliwaambia wafanyakazi kwamba mtu wa kiwanda huishi mjini peke yake. Jamaa zake wako kijijini, wanalima na kula huko. Tunu alipoisikia habari hiyo alicheka bila furaha. Kijiji chenyewe kilikuwa uani kwake, na kilikuwa na njaa. Ili chungu kijae, alilima muhogo katika kishamba chao cha Mtoni, akachuma kisamvu huko huko.

Jioni moja mwanamke kijana alipiga hodi. Alivaa viatu vya kamba na kubeba mizani ndogo kwenye kikapu. Alisema anaitwa Kokuberwa, mtu wa Bukoba, na kwamba ni karani wa uchunguzi wa maisha ya wafanyakazi. Serikali ilitaka kujua watu wa mji wanakula nini na wanakula kiasi gani. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, wala hazibadilishwi, na kura imeiangukia nyumba hii. Kwa muda wa wiki mbili atakuja asubuhi na jioni, apime kila kitu kabla hakijaingia chunguni.

Mwishehe alimkaribisha kwa adabu. Kokuberwa akauliza ni watu wangapi wanaokula hapo.

"Wanne," Mwishehe alijibu. "Mie, mke wangu na watoto wetu wawili."

Tunu alimtazama mumewe. Alijua kwa nini amesema hivyo. Askari wa mji walikuwa wakiwasaka watu wasio na kazi, wakiwapakia kwenye lori na kuwarudisha kwao. Nassibu alikwisha kukamatwa mara moja, akatupwa Kisarawe, akarudi kwa miguu. Mwishehe aliogopa kila mtu mwenye karatasi. Na kwa kuwa alimficha mmoja, akaona awafiche na mama yake na yule binti, maswali yasije yakawa mengi.

Basi kila karani alipokuja, Nassibu alitoka kwa mlango wa uani. Bibi Somoe na binti walipelekwa kwa jirani mpaka mizani iondoke. Bibi Somoe aliudhika sana. Alisema hajawahi kuiba kitu cha mtu, na sasa uzeeni anaukimbia ugali wa mwanawe mwenyewe.

Kokuberwa alipima unga, muhogo, kunde, dagaa, nazi na mafuta ya taa. Siku kadhaa zilipita hivyo. Asubuhi moja Mwishehe akiwa kazini, alimwomba Tunu ungo. Akamimina juu yake unga wote wa siku hiyo, akaugawa kwa kiganja cha mkono. Yakawa mafungu manne makubwa.

"Mama, hivi ndivyo karatasi yangu inavyosema," alisema. "Kila mtu wa nyumba hii anakula fungu kama hili, na watoto wako ni wadogo. Tena kuna muhogo mchana. Watu wanaokula hivi wamenawiri. Lakini mimi nawaona watoto wako wamekonda."

Tunu aliyatazama yale mafungu. Yalimchoma. Yeye mwenyewe alikuwa akila ukoko wa chungu tu na kulala tangu mwezi uliopita, na hapa unga wake ulikuwa unamwita tajiri.

Alimuuliza Kokuberwa kwa nini asiulize tu kama watu wana shida, ajibiwe, aende zake. Kokuberwa alimweleza kwamba mwenye shida huona haya akasema hana shida, na mwenye nacho huogopa kodi akasema hana kitu. Mshahara nao haujibu swali peke yake. Watu wawili wanaweza kulipwa sawa, mmoja akala na mkewe, mwingine akala na watu tisa. Kwa hiyo ofisi yao hutazama kile ambacho nyumba imekitumia kweli: chakula, mafuta, kuni, nguo. Kisha hukigawa kwa walaji, na mtoto huhesabiwa kwa kiasi cha mtoto. Hata muhogo wa Mtoni ni lazima upimwe, ingawa haukununuliwa, kwa sababu tumbo haliulizi chakula kimetoka dukani au shambani. Tunu akificha muhogo, nyumba itaonekana ina njaa kuliko ilivyo. Akificha watu, itaonekana imeshiba.

"Na nyumba hii haijisemei peke yake," Kokuberwa alisema. "Inasimama badala ya nyumba nyingi za Temeke ambazo sitazifikia. Ukiniambia wanne, hao wote watakuwa wameshiba kwenye karatasi. Anayetaka kukataa kuongeza posho ataisoma karatasi hiyo kwa furaha."

Tunu alimfikiria meneja. Hasira ikampanda taratibu, kama maji ya uji motoni.

Aliuliza karatasi zinakwenda wapi, na kama askari huziona. Kokuberwa hakupamba maneno. Alisema karatasi ya walaji haiandikwi majina. Huandikwa umri, na kama ni mwanamume au mwanamke. Orodha ya nyumba zilizochaguliwa hufungiwa na mkuu wa uchunguzi, na makarani wote wameapa kutotoa habari za nyumba ya mtu. Yeye atashika kiapo chake. Hawezi kuapa kwa ajili ya mioyo ya wengine. Kisha akamwonyesha karatasi yenyewe. Tunu alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, polepole, kwa kidole. Alipitisha kidole kwenye kila mstari. Hakuona jina la mtu.

Akauvuta ungo. Akayavunja yale mafungu manne, akayagawa upya. Yakatoka mafungu saba, madogo.

"Andika saba," alisema.

Usiku ule Tunu alipomweleza, Mwishehe alikasirika. Hakupiga kelele, maana kuta zilikuwa nyembamba. Alimuuliza mkewe nani amempa ruhusa ya kumweka ndugu yake hatarini.

"Wakimchukua Nassibu, utamwambia nini mama?"

"Nitamwambia nilimhesabu," Tunu alijibu. "Wewe ulimfuta kabla askari hawajamfuta."

Nassibu alikuwa anasikiliza kizingitini. Akaingia, akaketi. Alimwambia kaka yake kwa heshima kwamba amechoka kukimbia. Kesho karani akija atamkuta kwenye mkeka, anakula. Mwishehe akamwomba mama yake radhi kwa zile safari za kwa jirani.

Siku mbili kabla ya uchunguzi kumalizika, Kokuberwa alikuja na mkuu wa makarani, bwana mmoja aliyeitwa Gregori. Alikuwa na kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anakagua nyumba moja moja. Aliwakuta watu saba wamekaa uani, sinia katikati. Akaitazama karatasi, akakunja uso. Mwanzoni imeandikwa wanne, sasa saba. Alisema familia ni mume, mke na watoto wao. Wengine wote ni wageni, na wageni hufutwa. Kisha akamgeukia Nassibu, akamuuliza kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuonyesha kwamba mtu ameajiriwa, kiko wapi.

Nassibu aliacha kutafuna. Mwishehe aliinama. Tunu akasimama, mkono wake bado una ugali.

"Bwana karani, umekuja kuhesabu chakula au kukamata watu?"

Gregori alisema anauliza tu.

"Basi uliza yaliyokuleta. Huyu amelala hapa, amekula hapa. Mama mkwe wangu amekula hapa. Mtoto wa dada yangu hana pengine pa kula. Sie sote chungu chetu kimoja. Mgeni ni yule anayeondoka kesho."

Kokuberwa, kwa sauti ya chini lakini bila kutetemeka, alimkumbusha mkuu wake kwamba maagizo yao yenyewe yanasema hivyo: walaji wa nyumba ni wale wanaolala humo na kula chungu kimoja. Suala la vipande halimo katika maagizo. Na kosa la siku za kwanza amelisahihisha na kuliandikia maelezo.

Gregori alitoa kalamu. Alisema bado yeye ndiye mwenye kutia sahihi.

"Ukiwafuta watatu, tufute wote saba," Tunu alisema. "Chukua mizani yako. Najua kura imeangukia hapa, na huwezi kuokota nyumba nyingine kwa kupenda kwako. Utawaambia wakubwa zako kwamba nyumba ya Tunu ilikataa kusema uongo."

Mwishehe aliinua uso. Akasimama karibu na mkewe.

"Mie ndiye niliyesema wanne," alisema. "Niliogopa. Wako saba."

Gregori aliwatazama wale wawili, kisha akamtazama Bibi Somoe, ambaye alikuwa anaendelea kula. Akatia sahihi. Askari hawakuja, si wiki ile wala zilizofuata.

Miezi ilipita. Kokuberwa alirudi Temeke, akawasomea watu majibu katika ukumbi wa shule. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi, mshahara wa mtu mmoja ulikuwa ukilisha watu watano, sita au zaidi. Wengi walikula pungufu ya mahitaji ya mwili, hata baada ya kuhesabu muhogo wa mashamba yao. Watu ukumbini hawakushangaa. Ila ilikuwa mara ya kwanza kusikia njaa yao ikisomwa kwa lugha ambayo meneja hawezi kuiita malalamiko.

Mwishehe na wenzake walichukua nakala ya majibu hayo kiwandani. Meneja alirudia maneno yake ya mtu mmoja. Safari hii walimwonyesha karatasi, na hawakurudi kwenye misumeno mpaka aliposoma. Wake zao waliketi langoni na watoto, wakingoja. Tunu alikuwa mbele.

Jioni meneja alitoa jibu. Kila mwenye mke na watoto atapata posho ya pili kuanzia Jumamosi. Wazee na ndugu hawamo.

Jumamosi Mwishehe alirudi na unga mara mbili ya zamani. Usiku ule watoto walisaza, jambo ambalo halijapata kutokea, na Tunu alikula ugali sahani nzima. Asubuhi msimamizi wa kiwanda alipita barabarani, akamwona Tunu anaanika muhogo. Alisimama, akamwambia kwamba sasa watu wa Temeke wamshukuru meneja.

"Mwambie tumepokea," Tunu alisema, akaendelea kugeuza muhogo juani. "Kushukuru bado. Amewahesabu wanne. Mwambie wale watatu wanakuja."