Pikipiki ya Kilo Mia Moja Sitini

Jumatatu asubuhi kituo cha mafuta kilifurika. Magari yalipanga foleni mpaka barabarani, kila mtu kachelewa kazini na kila mtu anamlaumu aliye mbele yake. Mkunga alisimamisha pikipiki lake kwenye pampu ya tatu, akashusha mguu wa kushoto, buti likakanyaga dizeli iliyomwagika, likateleza. Pikipiki la kilo mia tatu likishaamua kulala halibembelezwi. Akaruka pembeni, akaliacha lilale.

"Umeumia, bibie?"

"Heshima tu ndiyo imechubuka."

"Hiyo tutaipaka dawa baadaye. Sogea."

Aliyesema hivyo alikuwa pande la mtu, ovaroli yake ya buluu imejaa vipande vya sponji kana kwamba ametoka kupigana na godoro. Alinukia gundi na sabuni ya kufulia. Yeye na wateja wawili walilisimamisha pikipiki huku wakihema.

"Mimi ni fundi wa makochi," alisema. "Nimebeba sofa za watu watatu zilizo nyepesi kuliko hili. Hapa umefuga kifaru."

"Miaka kumi na moja nimemfuga, hajamla mtu."

"Leo amejaribu." Akapapasa kiti. "Na ngozi imechanika. Niletee niishone."

Mkunga alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane wa miaka sita, na koti la ngozi lililomkaa vizuri kuliko alivyojua. Pikipiki lake lilikuwa kruza, zile ndefu za kukalia chini kama kochi, miguu ikinyooka mbele. Marehemu mumewe hakujua kuendesha hata baiskeli. Yeye alikuwa abiria. Tangu azikwe, kiti cha nyuma kilibeba mkoba wa kazini tu, na hicho ndicho kilichomuuma Mkunga kila Jumapili, siku yao ya kutembea. Mume mwingine hakumtafuta. Mtu wa kukaa nyuma yake, huyo alimtamani.

Siku tatu baada ya kumpelekea kiti, simu ililia.

"Mkunga, kiti chako kimeiva."

"Kiti au keki?"

"Njoo ukione. Ukikikalia hutataka kushuka."

"Fundi, hayo maneno unawaambia wateja wote?"

"Wengine wananiletea makochi ya wakwe zao. Niwaambie nini?"

Alicheka mpaka wauguzi wenzake wakamgeukia. Kufikia mwezi wa pili wa kujuana, Fundi alikuwa akikaa kiti cha nyuma kila Jumapili, kofia ngumu imembana mashavu, akipiga kelele kwenye kila kona: "Polepole, laazizi, bado sijaandika wosia!" Mkunga alikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kumfanya mtu aimbe akiosha vyombo.

Ila bega lilikataa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka uliopita, baada ya miaka mingi ya kunyanyua wagonjwa, na sasa kila jioni mlinzi wa hospitali ndiye aliyemsukumia pikipiki kulitoa maegeshoni. Siku moja mlinzi hakuwepo, naye akasubiri saa nzima kama mzigo uliosahauliwa.

"Mama, liuze," binti yake alimwambia. "Ununue dogo. Au unasubiri likuangukie ndiyo tukalipige picha bega hilo?"

Jumamosi Mkunga na Fundi wakaenda yadi ya pikipiki zilizotumika. Dalali wa pale alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuruhusu mtu kununua kruza bila kufanya mambo matatu: akanyage chini kwa nyayo zote mbili, airudishe kinyumenyume kwa miguu, kisha ailaze kwenye tairi kuukuu na kuinyanyua peke yake.

"Anayeshindwa kuiamsha," alisema, "mimi simuuzii. Atarudi kunitukana."

Kruza zilizobaki pale zilikuwa mbili. Moja nyeusi, kilo mia mbili na ishirini, kiti kipana cha watu wawili. Nyingine rangi ya maziwa, kilo mia moja sitini, injini ndogo, haina makuu. Mkunga alipoikalia hiyo ya pili, magoti yake yalikunjika vizuri na bega likanyamaza kabisa. Fundi akapanda nyuma. Springi zikazama mpaka mwisho, pikipiki ikakaa kitako kama kuku anayeatamia.

Dalali aligeuka kuficha kicheko. "Baba, hii ni ya mtu mmoja na nusu. Wewe peke yako ni wawili."

"Basi nachukua nyeusi," Mkunga akasema haraka.

"Umeinyanyua?" Fundi akauliza.

"Nitazoea."

"Nimekuona ukiing'ang'ania. Uso ulikunjamana. Chukua nyepesi."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Chagua pikipiki yako. Mimi usinihesabu."

Neno lilimtoka kavu hivyohivyo, mbele ya dalali. Mkunga alihisi kama mlango umefungwa usoni pake. Usimhesabu! Miezi mitatu ya Jumapili, kisha usimhesabu. Alivaa kofia, akamwacha Fundi ajitafutie usafiri.

Wiki tatu zilizofuata mambo yalizidi kuwa mabaya. Kila asubuhi Fundi alipiga simu, akasema habari za kazi, akakata. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, simu yake ilikuwa imezimwa. Jumapili alikuwa "na shughuli".

"Ana mwanamke mwingine," Mkunga alimwambia binti yake.

"Mama, yule? Akimwona mwanamke mwingine si atakupigia kukusimulia?"

"Usimtetee."

"Simtetei. Lakini tuseme ukweli, wewe unanunua pikipiki au unanunua abiria?"

Maneno ya mtoto uliyemzaa mwenyewe yana njia yao ya kupita bila kubisha hodi.

Alirudi yadi peke yake siku ya mapumziko. Alianza na nyeusi, maana moyo ulikuwa bado unabishana. Akailaza. Akaipa mgongo, akashika usukani na chuma cha nyuma kama dalali alivyofundisha, akasukuma kwa miguu. Ikapanda nusu, bega likapiga kelele, ikarudi chini. Akaenda kwa ile ya rangi ya maziwa. Akailaza, akavuta pumzi, akasukuma. Ikaamka.

Akailaza tena, ikaamka tena. Mara ya tatu alikuwa analia, na dalali alijifanya anafuta kioo.

"Nipe hii," Mkunga akasema.

Alikuwa amechagua kuendesha peke yake kuliko kutoendesha kabisa, na aliyethubutu kumwambia hivyo pale yadi alikuwa Fundi. Fundi alimuumiza, sawa. Lakini hakumdanganya. Deni la shukrani halilali, kwa hiyo akampigia hapohapo.

"Nimechukua nyepesi. Nimeiamsha mara tatu. Nakushukuru, Fundi. Sitakusumbua tena."

"Uko yadi?"

"Ndiyo."

"Usiondoke, tafadhali. Nipe nusu saa. Hapana, dakika arobaini. Bado naogopa mzunguko ule wa soko."

"Unaogopa mzunguko? Wewe si unakuja kwa gari?"

Simu ilikuwa imekatika.

Baada ya dakika hamsini aliingia getini, akitambaa, juu ya pikipiki kuukuu ya shule ya udereva, kibao chekundu cha mwanafunzi mbele na nyuma, mwalimu wake akimfuata kwa nyingine. Shati jeupe lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alizima injini kwa mikono miwili.

"Kila jioni saa kumi na moja," alisema. "Darasani wote ni vijana. Wananiita Babu Gia. Nimegonga vibao vya mazoezi kumi na vinne na uzio wa mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikishindwa je? Ungeichukua nyeusi kwa ajili yangu, ukavunjika bega. Nilisema usinihesabu nyuma yako. Nilitaka kuwa pembeni."

"Hukusema 'nyuma yangu', mwanamume wewe! Ulisema 'usinihesabu', ukafunga mdomo!"

"Nilikosea. Nashona viti vizuri kuliko maneno."

Mkunga alimfuta jasho kwa kitambaa chake, polepole, mbele ya dalali na mwalimu. "Asante, kipenzi," alisema. Hakuna lingine lililotosha.

Wakatoka wote, mwalimu nyuma yao. Walikwenda mwendo wa mkokoteni, baiskeli zikiwapita. Kwenye taa nyekundu walisimama sambamba, na Fundi, macho mbele kama alivyofundishwa, akasema:

"Mkunga, nioe."

"Mwanamume ndiye anayeoa."

"Basi nikuoe. Ila fanya upesi, taa inabadilika, na mimi siwezi kufanya mambo mawili kwa pamoja."

Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Nimekubali," Mkunga akasema. "Sasa weka gia, mume wangu. Ya kwanza. Hiyo hiyo. Twende."