Tangi Juu ya Paa

Nyumbani kwa Fundi Koki kulikuwa na mabomba mengi kuliko watu. Moja jikoni, moja bafuni, la tatu uani, na yote yalitoa maji kwa nguvu. Mwenye nyumba alikuwa fundi bomba, na tangi lake alikuwa amelipandisha juu ya paa. "Maji hayajui kupanda," alipenda kusema. "Yanajua kushuka tu." Mke wake alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa miaka ishirini na sita.

Mke huyo majirani walimwita Nahodha. Baba yake alimwachia mashua ndogo ya tanga, yenye injini ya dizeli kwa siku ambazo upepo umelala. Nahodha alishika usukani. Mumewe, kazi za mabomba zikipungua, alikwenda naye kuangalia injini.

Jumanne asubuhi Nahodha alikuwa anaosha vyombo simu ilipoita. Alikuwa binti yao, mwalimu katika kisiwa cha ng'ambo. Alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mama, muuguzi amenipima tena. Mtoto amelala mlalo, kichwa hakielekei chini."

"Anasemaje?"

"Anasema nisijifungulie huku. Niwe hospitali ya huko kabla ya Jumapili. Na meli imeshaondoka, haitarudi mpaka wiki mbili zipite."

"Ijumaa tunakuja kukuchukua, mwanangu. Usibebe kitu kizito."

Nahodha aliweka simu mezani. Povu lilikuwa bado linamdondoka mikononi. Aliogopa, na sababu aliijua. Mwezi uliopita dizeli iliwaishia wakirudi kutoka kisiwa hicho hicho. Upepo haukuwepo. Walielea saa tano, mkondo ukiwasogeza kwenye miamba, mpaka wavuvi walipowavuta kwa kamba. Siku ile walibeba mabati. Mabati hayashikwi na uchungu.

"Shida ni tangi dogo," alisema Fundi Koki. "Niachie mimi, mke wangu. Matangi ndiyo kazi yangu."

Alijifunga kibwebwe kweli. Jumatano mchana kazi ilikuwa imekwisha. Juu ya paa la kibanda kilichomo mashuani kulikaa tangi la plastiki la lita mia moja, lile la kuwekea maji. Alilifunga kwa kamba, akalijaza dizeli kupita nusu. Mpira wa kumwagilia bustani uliteremka kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini.

"Mbona umeliweka juu?" aliuliza Nahodha.

"Dizeli nayo haijui kupanda," alijibu mumewe, akajicheka mwenyewe.

Nahodha hakulipenda tangi lile. Lakini siku zilikuwa chache, naye alinyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Walitoka kwenda kuijaribu mashua karibu na gati. Upepo mdogo ulikuwa umeanza, kwa hiyo Nahodha alipandisha tanga. Mashua ililala upande kidogo, kama kawaida. Kawaida yake ilikuwa kuinuka mara moja. Safari hii haikuinuka. Ndani ya tangi dizeli ilikimbilia upande ule ule ulioinama, ikasukuma. Mashua ikazidi kulala. Maji ya bahari yakaanza kuingia ubavuni.

"Legeza kamba ya tanga," alisema Nahodha. Mumewe hakusogea. Alikuwa ameng'ang'ania mlingoti, roho mkononi. Nahodha aliifikia kamba mwenyewe, akaiachia yote. Tanga likapoteza upepo. Mashua ikakaa imelala kwa muda ambao Nahodha hataki kuukumbuka, kisha ikainuka taratibu. Wakati huo huo mpira ulichomoka. Dizeli ikateremka yenyewe, ikajaa chini ya injini.

"Nayo kweli inajua kushuka," alisema Nahodha. Ilikuwa sauti ya woga na hasira.

Walirudi gatini. Mama Grisi alikuwa anawasubiri. Alikuwa fundi wa mashua, karakana yake iko hapo hapo gatini, na alikuwa ameona yote.

"Shemeji," alimwambia Fundi Koki, "umeipa mashua kichwa kizito kuliko kiuno."

"Nyumbani tangi hukaa juu."

"Nyumba yako inayumba?"

Mama Grisi alijaza ndoo maji nusu, akamtwika kichwani. "Tembea." Fundi Koki alitembea. Mama Grisi akamsukuma bega kidogo tu. Maji yalichezacheza, ndoo ikampeleka pembeni hatua tatu, na shati likalowa.

"Sasa ishike mkononi, chini." Alimsukuma tena. Safari hii alisimama imara.

"Umeona? Uzito wa dizeli ukae chini kabisa, na ukae katikati. Tangi liwe na ukuta wa ndani wenye matundu, ili dizeli isikimbie ovyo. Na huo mpira wa bustani dizeli itauharibu. Kuna mpira wake maalumu. Dada, njia yenu inatumia lita ngapi?"

Kwa miaka yote walijaza tangi na kuondoka. Hawakuwa wamepima.

Walipima pale pale, mashua ikiwa imefungwa gatini na injini ikivuta mzigo kwa mwendo wa kawaida. Kwa saa moja ilikula lita mbili. Kwenda kisiwani bila upepo ni saa sita.

"Basi kwenda ni lita kumi na mbili," alisema Mama Grisi. "Kurudi kumi na mbili. Na nyingine kumi na mbili ni za kile usichokijua. Jumla thelathini na sita. Tangi lenu la zamani ni lita ngapi?"

"Ishirini," alisema Nahodha. Ndipo alipoelewa kwa nini walielea mwezi uliopita. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu.

"Mnahitaji kuongeza tangi dogo la lita ishirini na tano. Lita mia moja za nini, shemeji? Unahamia ng'ambo?"

Alhamisi walifanya kazi kutwa nzima. Kwanza waliliteremsha tangi la paani na kukausha dizeli iliyomwagika. Tangi jipya la chuma walilifunga kwa mikanda ya chuma chini kabisa, katikati ya mashua. Waliliwekea koki, na bomba la kupumulia linalotoka nje. Injini iliendelea kunywa kutoka tangi la zamani. Likifika nusu, Fundi Koki angelijaza kutoka tangi jipya kwa pampu ya mkono. Mama Grisi alimwonyesha namna ya kumwaga maji yanayotuama kwenye chujio la dizeli. Alimwambia pia azime injini na kila moto wakati wa kujaza matangi gatini, na aache nafasi juu, maana dizeli ikipata joto huvimba.

Ijumaa walifika kisiwani salama. Jumamosi alfajiri waliondoka na binti yao. Upepo ulikuwa umelala, na mkondo uliwapinga. Ilipofika saa nne asubuhi, Nahodha aliiona miamba ile mbele. Ni hapo hapo injini ilipozimika mwezi uliopita.

Binti yao alikunja uso, akashika mkono wa mama yake.

"Mama, yameanza."

"Maumivu ya namna gani?"

"Yanakuja na kuondoka."

Nahodha alipiga hesabu. Kwa mwendo ule bado saa tano, na mtoto amelala mlalo. Akiongeza mwendo, injini ingekula dizeli mara mbili.

"Baba," alimwita mumewe, "imebaki kiasi gani? Usinikadirie. Pima."

Fundi Koki alizamisha kijiti katika kila tangi. "Kumi hapa, kumi na tano huku. Ishirini na tano." Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Tukiongeza mwendo tutafika kwa saa nne. Lita kumi na sita. Inatosha, mke wangu. Ongeza."

Nahodha aliongeza. Injini ilinguruma. Fundi Koki alisukuma pampu mpaka mikono ikamuuma, huku akimwambia binti yake apumue. Miamba ilipita ubavuni polepole mno, kisha ikabaki nyuma.

Saa nane mchana waligusa gati. Gari la hospitali lilikuwa tayari, Mama Grisi alikuwa ameliita baada ya Nahodha kumpigia simu njiani. Madaktari walimfanyia binti upasuaji saa ile ile.

Jioni Mama Grisi alipiga simu.

"Dada, dizeli imebaki lita ngapi?"

"Tisa."

"Akiba haiozi. Na watu je? Mliondoka wawili."

Nahodha alimtazama binti yake aliyelala, na mumewe aliyemshikilia mtoto chini kabisa, katikati ya mapaja, kama mtu anayeogopa kuyumba.

"Sasa tuko wanne," alisema, akaanza kulia.