Thuwaiba na Gundi ya Daraja

Kila siku Thuwaiba, mwanafunzi wa darasa la sita, alivuka daraja dogo la zege lililo karibu na kijiji chao upande wa Fumba. Wiki ile daraja lilifungwa kwa magari. Boriti zake zilikuwa na nyufa, na mafundi walikuwa wakizibandika kitambaa cheusi cha nyuzi ngumu kwa gundi maalumu ili zipate nguvu upya.

Mkuu wao, Mhandisi Salhiya, aliwaeleza wanafunzi kwamba kitambaa kile kikishikana vyema na zege, boriti huweza kubeba mzigo mzito zaidi. Akawakataza kukigusa mpaka gundi ikauke.

Thuwaiba hakuamini. Machoni pake kile kilikuwa kitambaa cha buibui tu. Adhuhuri, mafundi walipokwenda kuswali, aliteremka chini ya daraja na kuivuta ncha ya kitambaa, aone kama kweli imeshika. Ikabanduka. Akashtuka, akairudisha na kuikandamiza kwa kiganja, kisha akachukua daftari lake la Hisabati akakimbia.

Alipofika nyumbani, daftari lilikuwa limemganda kiganjani, tena mkono wa kulia. Mama yake, Bi Mwatum, alimuuliza mbona haliweki chini. Akajibu kuwa ana mtihani. Mama alifurahi mno, akamlisha wali kwa mkono wake asije akakatiza masomo, na akamwita jirani aje aone. Jirani alitikisa kichwa, akasema mwanawe Ridhwan hajapata kushika daftari hata dakika tano.

Wakati huo akaingia baba yake, Mzee Mkadam, ambaye hubeba mawe kwa gari la ng'ombe. Alikuja na habari njema: daraja litafunguliwa Jumamosi, na yeye ndiye atakayepita wa kwanza.

Thuwaiba aliusukuma kando mkono wa mama wenye tonge.

"Baba, usipite," alisema. "Nimelibandua daraja."

Akaeleza yote. Mama akauliza kwa upole, "Na huo mtihani?"

"Hakuna mtihani, mama."

Baba akamrudisha darajani saa ile ile. Thuwaiba alimwamkia mhandisi, akaungama. Mhandisi Salhiya akachukua nyundo ndogo, akagonga boriti taratibu. Kila mahali palilia kwa sauti nzito. Kwenye ile ncha palilia kama debe tupu. Hewa ilikuwa imeingia chini ya kitambaa. Mafundi wakakikata kipande kile, wakasugua zege na kubandika kingine.

Mkono nao ulishughulikiwa. Daftari lilitoka, lakini karatasi ya jalada ilibaki, na kwa siku mbili Thuwaiba aliwapa watu mkono wenye jedwali la kuzidisha.

Jumamosi baba alimpandisha juu ya mawe. Thuwaiba alifumba macho. Magurudumu yalinguruma, ng'ombe akatembea bila haraka, na alipofumbua walikuwa ng'ambo.

Mhandisi Salhiya alikuwa akiwangoja hapo.

"Ile ncha nilikuwa nshaikagua asubuhi ya siku ile, kabla hujaivuta, nikaridhika nayo," alimwambia. "Ungenyamaza, tungepaka rangi juu yake na hakuna ambaye angejua. Kosa lililofichwa hukaa humo ndani likingoja mzigo. Wewe ulisema mapema, nasi tukapata nafasi ya kulitengeneza. Ukikosea tena, mwanangu, fanya hivyo hivyo."