Kisanduku Chekundu

Lifti ilijaa pomoni asubuhi ile. Binti wa gauni la njano, mkaguzi mpya wa ubora, alikuwa amekumbatia karatasi pana yenye visanduku vya rangi.

"Dada, unahamia ofisini na pazia?" akauliza kijana aliyebanwa pembeni, shati halijapigwa pasi.

"Pazia la nani? Hii ni programu ya malipo. Kila kisanduku ni kipande chake kimoja. Ukikiona chekundu, ujue kina kasoro."

"Basi hiyo programu ndiyo inayonilisha. Niko ghorofa ya juu yako. Wananiita Kobe, kwa sababu naiandika polepole."

Mapenzi ya ofisini hayana simile. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu, ilhali dari moja tu ndiyo iliyowatenganisha.

"Kobe wangu, umefika wapi?"

"Bado natambaa, Madam Rangi. Niwekee kiti."

Kisha ikaja siku ya kikao. Picha ya visanduku aliyoichora binti ikajaa ukutani, na bosi akagusa visanduku vyekundu kimoja kimoja kuona nani alivifanyia kazi mwisho. Kila alipogusa, jina likawa lile lile.

"Kumbe mtu mmoja ndiye anayetuharibia kazi?"

Kobe hakumtazama bosi. Alimtazama binti, akingoja neno moja tu. Binti akainamisha macho. Aliiamini picha yake, maskini, kuliko mtu aliyemshika mkono jana yake. Kobe akaondolewa kwenye kazi ile, akachukua kikombe chake na kwenda zake.

Ghorofa ya juu ikawa kimya. Binti akawa anakula peke yake, kiti cha pili amekiwekea mkoba ili mtu asikikalie.

"Umempigia?" dada yake alimuuliza kwenye simu.

"Inaita mpaka inakata."

"Na wewe ulimuuliza, kabla ya kumwanika mbele za watu?"

Akakata simu. Akarudi kwenye picha, na hapo ndipo alipoona upuuzi wake. Wekundu aliupima kwa idadi ya marekebisho, na mrekebishaji alikuwa Kobe, akisafisha uozo ulioachwa na wengine. Ni sawa na kumlaumu fundi bomba kwa kuwa umemkuta amesimama kwenye maji.

Akachora upya, safari hii kwa malalamiko ya wateja, mwezi baada ya mwezi. Kila kisanduku alichopita Kobe, wekundu ulififia. Akasimama kikaoni akakiri kosa ni lake, na bosi akampigia Kobe arudi.

Kobe alikuja kusema hapana. Wakakutana mlangoni pa lifti, naye binti akamwonyesha karatasi mpya. Akaipitia kisanduku kwa kisanduku.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini haya yote mimi niliyajua. Ungeniuliza tu, mpenzi. Nilikuwa hapo juu."

"Sasa nakuuliza. Bado unanipenda?"

"Nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma. Ila nikirudi, kila siku nitakuwa nautazama uso wako nijue leo nina rangi gani."

Akamshika bega kidogo, kisha akashuka kwa ngazi.

Lifti ikafika, imejaa. Binti akajibana ndani na karatasi yake kifuani. Mama mmoja aliyesimama karibu naye akaichungulia, akatabasamu.

"Mwanangu, hilo pazia?"

"Ndiyo, mama," akasema.