Alipima Mara Tatu

Lifti ya hospitali ilikwama saa ya msongamano, na fundi alipofanikiwa kuufungua mlango, wa kwanza kutoka alikuwa dada wa chumba cha ultrasaundi: sare ya buluu, hereni za shaba, jasho tele.

"Fundi, umetuchemsha humu!"

"Samahani, dada. Nipe namba yako nikuombe radhi vizuri."

Watu wakacheka. Namba akapewa, jamani, na miezi mitano ikapita kwa simu na utani.

Kisha fundi akaota uvimbe shingoni, daktari akamwandikia kipimo. Wa kumpima? Mpenzi wake mwenyewe.

"Lala, laazizi. Jeli ni baridi, usishtuke."

"Hiyo mashine inaonaje ndani bila kunichana?"

"Inapeleka sauti ambayo sikio halisikii. Ikigonga kitu inarudi, ndiyo inachora picha."

Fundi akachangamka. Je, mawe ya figo yanaonekana? Na moyo wa mtoto tumboni? Dada akawa anajibu, mara akanyamaza. Akapima, akarudia, akapima tena.

"Majibu atakupa daktari," akasema bila kumtazama.

Wee! Kimya hicho fundi anakijua. Yeye akisikiliza mota ya lifti kisha akanyamaza, ujue mota haina maisha. Kwa daktari hakurudi. Simu za dada hakupokea wiki nzima. Amwoe ili amwache mjane? Hata kidogo. Heri amchukie.

Siku ya nane dada akamvamia karakanani, bahasha mkononi.

"Umenichoka?"

"Nakufa, mpenzi. Nilikuona ulivyonyamaza."

"Unakufa na nini, we mwanaume? Tazama." Akachomoa picha. "Hapa peusi ni maji. Sauti ikipita kwenye maji hairudi, ndiyo maana panakuwa peusi. Ni kifuko cha maji tu. Daktari kakusubiri mpaka kachoka, kanituma."

Fundi akakaa juu ya boksi la vifaa.

"Sasa mbona hukusema?"

"Sisi hatutoi majibu. Halafu sikujiamini. Wengine nawapima mara moja. Wewe nilikupima mara tatu, nikiogopa macho yangu yananidanganya kwa kuwa nakupenda."

Fundi akafuta grisi mikononi, akamshika.

"Jumamosi nataka kuja kwenu na baba mdogo."

Dada akajipangusa machozi kwa mkono wa sare.

"Njooni saa nne. Mzee wangu hapendi kusubirishwa."